Neno Jekundu Mbele ya Jina la Nashipai

Kosa langu la kwanza kubwa kazini nililiandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, na chini yake nikapiga mstari kwa rula. Neno lenyewe lilikuwa MTORO. Nililiandika mbele ya jina la mwanamke ambaye hakuwa ametoroka popote. Alikuwa amekwenda na ng'ombe.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na mengine nitajipamba. Wiki ijayo naacha kazi hii baada ya miaka tisa, na wenzangu wananiita mstaafu. Tangu Jumatatu wananiamkia shikamoo, ingawa nina miaka thelathini na mbili. Sistaafu. Baba hawezi tena kuinama kwenye majaruba ya vitunguu kule Mang'ola, na mimi ndiye mwanawe aliye karibu. Lakini ninyi mtakaokalia meza yangu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokwenda. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara saba. Huu ni wa nane, na nimejikataza wa tisa.

Sikusomea chochote kati ya vitu mnavyoniona nikifanya. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi hapa Karatu mjini, tukiwachapia waongoza watalii orodha za wageni wao. Wateja wakipungua nilikuwa nafungua kompyuta na kubonyeza kila kitu mpaka nijue kinafanya nini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mtu aliyejifunza peke yake ana woga wake: hajui ni somo gani ambalo wenzake wote walifundishwa na yeye akaliruka. Mimi nilikuwa nauficha woga huo kwa usafi. Kazi yangu ikiwa safi sana, nilifikiri, hakuna atakayeichungulia kwa ndani.

Siku ya kwanza ya kazi hii ya ukarani wa kliniki nilipewa daftari la wagonjwa wa kifua kikuu ambao timu yetu ndogo iliwafuata Nainokanoka, Olbalbal na upande wa Endulen. Lilikuwa na madoa ya chai na miandiko ya watu wanne. Sikuwasalimia watu vizuri. Nilikaa, nikanunua daftari jingine, nikalichora upya lote kwa rula na kalamu za rangi tatu. Jioni nilimpelekea Mama Shirima, muuguzi wetu kiongozi, mzaliwa wa Rombo aliyekaa Karatu kiasi cha kuweza kugombana sokoni kwa Kiiraqw. Aligeuza kurasa polepole.

"Limependeza," alisema. "Kama keki ya harusi. Sasa niambie, nani kati ya hawa anaumwa zaidi?"

Sikujua. Nilikuwa nimenakili majina sitini na moja na sikuwa nimemsoma hata mmoja.

"Basi kesho utapanda nasi gari," alisema, "ukawaone waliomo kwenye keki yako."

Gari letu lilikuwa na mlango wa nyuma uliofungwa kwa mpira wa tairi, kwa hiyo aliyekaa nyuma aliushikilia mpaka tunafika. Huyo nikawa mimi. Tulipita lango la hifadhi, tukapanda kwenye ukungu, tukazunguka ukingo wa kreta ambao watu wanavuka bahari kuja kuuona, na mimi kwa miaka ile yote niliuona kwa jicho moja kwa sababu la pili lilikuwa kwenye mlango. Nainokanoka tuliazimwa jengo la kanisa la mabati. Meza ya kwanza yangu, ya pili ya Mama Shirima, na mlangoni alisimama Lemayani, mhudumu wa afya wa pale pale, Mmaasai wa rika la Korianga, mwenye viatu vya tairi na simu moja aliyoitunza kwenye soksi ya mtoto. Lemayani ndiye aliyejua kila mtu anatoka boma gani. Mimi nilijua safu gani inajazwa kwa bluu.

Nashipai alikuwa mmoja wa watu wa siku hiyo. Alikuwa na umri kama wangu, binti yake mdogo mgongoni, na alikuwa ameanza dawa majuma machache nyuma. Alikuwa anaendelea vizuri. Uzito ulikuwa umepanda na kikohozi kimepungua. Nilimwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi yake, nikamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Nilikuwa nawasogezea wanawake wote pale. Sikuwahi kumwuliza mmoja wao kama anaandika. Nashipai alikitazama kile kidau, akanitazama mimi, akaweka kidole.

Ikapita kliniki moja hakuja. Ikapita ya pili. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ilikuwa tope, na mimi nilikuwa na utaratibu wa ofisi uliosema mgonjwa asiyeonekana mara mbili aandikwe mtoro. Nikachukua ile kalamu nyekundu. Nakumbuka niliridhika na herufi zilivyokaa sawa.

Kliniki ya tatu, mchana umekwisha kusogea, nilikuwa nachora mistari ya mwezi unaofuata. Kuna mtu alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Niliona ukingo wa shuka na miguu yenye tope mpaka magotini. Nikasema, "Subiri kidogo, mama," bila kuinua uso, kwa sababu nilikuwa katikati ya mstari na mstari ukikatika huonekana. Nilipoinua uso hakuwepo. Nikadhani amehamia meza ya Mama Shirima.

Tulipokuwa tunafunga masanduku, Mama Shirima aliuliza, "Nashipai amekuja? Niliona kama mtoto wake mlangoni."

"Amekuja, ameondoka," alisema Lemayani. "Amesema mmeshamwandika."

"Tumemwandika nini?"

"Kasema mwulizeni karani. Yeye kasoma mwenyewe."

Nikauliza swali ambalo mpaka leo likinijia nikiwa njiani hunibidi nisimame kidogo. Nikauliza, "Kwani anajua kusoma?"

Lemayani alinitazama kwa utulivu. "Kamaliza darasa la saba. Wewe ukampa wino wa kidole."

Mama Shirima alilivuta daftari. Neno lilikuwa pale, linasomeka hata ukiwa umesimama upande wa pili na daftari limegeuka.

"Umetumia rula?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nimeona."

Nikasema ni utaratibu. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Utaratibu haukohoi, mwanangu." Kisha akanieleza, kama anavyomweleza mgonjwa. Nashipai alikuwa hana dawa kwa zaidi ya majuma matatu. Akiendelea hivyo ugonjwa ungeweza kumrudia ukiwa umezizoea dawa zetu, na tungekuwa hatuna cha kumpa pale mlimani. Na yule mtoto analala naye kwenye ngozi moja. "Lemayani kasema walishuka Olbalbal na ng'ombe; kutoka huko hadi hapa ni siku mbili kwa miguu," alisema. "Amepanda na mtoto kuja kuchukua dawa. Ameondoka mikono mitupu kwa ajili ya mwandiko wako."

Siku tatu baadaye gari lilipatikana. Niliomba kwenda, na nilijiandaa kwa namna niliyoijua: nilipiga simu ya mumewe mara ishirini bila kuipata, kisha nikatengeneza karatasi yenye maboma kumi na moja ya kupitia Olbalbal, kila boma na dakika zake. Lemayani alipoiona aliikunja mara nne, akaichomeka chini ya dumu la maji lililokuwa linapiga kelele. Likanyamaza. Ndiyo kazi ya maana iliyowahi kufanywa na karatasi ile.

Huko chini, kwenye kisima cha pampu, tulimkuta mwanamume wa rika la Lemayani akinywesha. Wakasalimiana. Kisha wakaanza habari, na kama hujawahi kusubiri Wamaasai wawili wapeane habari, jitayarishe. Umetoka wapi, umepita wapi, mvua ilifika wapi ikakoma, majani ya kule yakoje, ng'ombe wa nani wanakohoa, nani kahamia wapi. Mimi nilitazama saa. Nilimsogelea Lemayani nikamnong'oneza, "Mwulize Nashipai."

"Nyamaza kidogo, Mmbulu," alisema, kwa jina wanalotuitia sisi Wairaqw. "Nauliza."

"Unauliza majani."

"Ndiyo. Nauliza."

Walipoagana alinivuta pembeni. "Sasa sikia. Mimi nimsimamishe mwanamume nimwulize mke wa mtu kwa jina lake, na gari la dawa liko nyuma yangu? Kabla jua halijazama uwanda mzima utajua yule mama ana kifua. Lakini ng'ombe wa mumewe, kila mtu atakwambia waliko. Nimeshaambiwa."

"Wako wapi?"

"Nyumbu wameanza kuzaa. Ng'ombe akila pale nyumbu alipozalia anapata ugonjwa anakufa, kwa hiyo watu wa Nainokanoka wamewaondoa wanyama uwandani. Wako kwenye miguu ya mlima." Akacheka. "Tumewapita asubuhi."

Kweli tuliwapita. Niliyaona yale maboma mapya kwa jicho langu la mlangoni. Hayakuwa kwenye karatasi.

Tulimkuta Nashipai akisiliba nyumba, mikono yote samadi na udongo, kwa hiyo hakunipa mkono. Mama Shirima alimsalimia, akamchukua mtoto, akanisukuma kidogo mbele kwa kiwiko.

"Karani," alisema Nashipai. "Umekuja kunikamata?"

Lemayani alicheka. Mimi sikuweza. "Nimekuja kukuomba radhi, mama."

"Mtoro ni mtu anayekimbia. Mimi nilitembea siku mbili kuja kwenu. Nani hapo alikimbia?"

"Hujakimbia. Mimi ndiye sikuuliza."

"Na ule wino wa kidole?"

"Hilo pia."

Aliendelea kusiliba. Nikafungua mfuko wa plastiki, nikatoa daftari na kichupa cha wino mweupe, nikamwambia nitalifuta mbele yake. Nilikuwa nimelipanga hilo njia nzima, na nilikuwa na brashi nyembamba kabisa. Akakataa.

"Ukifuta, mwingine ataliandika tena. Andika kilichotokea."

Nikaandika pembeni, nimepiga goti kwenye nyasi: Alihama na mifugo ya mumewe. Hatukumwuliza anakwenda wapi. Nikamwonyesha. Alifuta mikono kwenye majani, akaishika kalamu yangu, akakata maneno mawili.

"Siyo ya mumewe yote," alisema. "Watatu ni wangu."

Kisha akaandika jina lake chini, kwa mwandiko ulioelemea kushoto, nje ya mstari. Ulikuwa mwandiko wa kwanza wa mgonjwa ndani ya daftari lile. Vidole vyangu viliwasha kutaka kuunyoosha. Nikaviweka mfukoni.

Mama Shirima alimpima uzito, akampa kikopo cha makohozi, akamchunguza mtoto, akamwanzishia mama yake dawa upya. Uzito ulikuwa umeshuka. Nililiona hilo, na Nashipai aliniona nikiliona. Ndipo aliposema jambo ambalo kazi yetu yote imesimama juu yake tangu siku hiyo.

"Mnatupa tarehe. Tarehe haijui nyumbu. Mngeniuliza siku ya kwanza ningewaambia: mvua ikinyesha chini tunashuka, nyumbu wakizaa tunapanda. Hapa kila mtu anajua. Hata huyu mtoto."

"Na mkishahama, nani atatuambia mko wapi?" aliuliza Mama Shirima.

"Yeyote anayenywesha. Mkimwuliza habari za ng'ombe."

Hayo ndiyo maswali yetu mawili. Mvua ikinyesha, na nyumbu wakizaa, mtakuwa wapi? Nani atajua mlipo? Watu wamekuja kuona mfumo wetu wakitegemea kukuta mitambo, wakaonyeshwa safu mbili za daftari na mtu anayeongea sana kisimani.

Nisiseme uongo, sikuziacha ziwe safu mbili. Nilizipeleka kwenye simu. Majuma matano nilijifunza mwenyewe kutengeneza programu yenye ramani, rangi nne na mlio. Lemayani aliibeba siku nne. Siku ya kwanza betri iliisha, siku ya pili hapakuwa na mtandao, siku ya tatu ililia mbele ya fahali na siku ya nne aliirudisha ndani ya ile soksi. "Nzuri sana," aliniambia. "Sasa ifundishe kutembea."

Kitu kingine nilichoharibu ni bwana mifugo wa Nainokanoka. Yeye ndiye aliyejua kuliko sote ng'ombe gani wako wapi mwezi gani, kwa sababu alikuwa anawachanja. Nilimwandikia barua yenye mhuri nikimwomba ushirikiano, aya nne, hakuna kosa hata la mkato. Hakujibu. Mama Shirima alikwenda kwake na chapati sita na chupa ya chai, wakakaa kwenye benchi mpaka chai ikaisha, akarudi na daftari la yule bwana kwapani. Lilikuwa na ramani alizochora kwa penseli, mbaya kupita kiasi, na zote zilikuwa sahihi. Tangu hapo kliniki yetu huwekwa siku ya chanjo ya ng'ombe, mahali pa chanjo. Wagonjwa hawahitaji kueleza kwa nini wamekuja. Kila mtu amekuja na ng'ombe.

Msidhani hayo yaliponya kila kitu. Kuna mzee mmoja wa upande wa Endulen ambaye safu zake nilizijaza mwenyewe, vizuri, na mtu aliyemtaja kuwa atajua alipo alikuwa mwanawe. Mwanawe akasafiri. Tulipopata habari mzee alikuwa ameshazikwa. Nimekuwa nikiurudia mstari wake kila mwaka kutafuta swali nililoliruka. Sijalipata, na sasa nawaachia ninyi. Huenda jina moja la mtu anayejua halitoshi. Tangu hapo mimi huandika mawili, halafu nikifika nyumbani nafikiria kwa nini yasiwe matatu.

Na kuna hili, ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mwanzo wa kurasa hizi. Tuliitwa Arusha kueleza tulivyofanya. Mwendesha kikao alinitambulisha kuwa ndiye niliyebuni mfumo, na mimi nikasimama nikaeleza nusu saa. Nilionyesha chati. Nilisema "nikaona", "nikagundua", "nikaamua". Lemayani alikuwa ameketi safu ya mwisho kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti alilolinunua kwa ajili ya siku ile. Hakuna aliyemwuliza neno. Kwenye chai alinijia na kikombe.

"Umeongea vizuri, Mmbulu. Hukukosea hata mahali pamoja."

Nikasema asante.

"Umesahau watu tu."

Alikunywa chai yake akaanza kuniuliza bei za madebe ya vitunguu, kama vile amesema jambo dogo. Sikulala vizuri kwa majuma. Mara ya pili tulipoitwa nilikataa kupanda jukwaani. Alipanda Lemayani, akafuata Nashipai, ambaye kwanza aliwauliza wakubwa wale wametoka wapi, wamepita wapi, na mvua huko kwao ikoje. Walicheka, kisha wakajibu, mmoja baada ya mwingine. Mpaka anamaliza kuwasalimia walikuwa wameshaelewa mfumo mzima, na mimi nilikuwa nyuma nimeshika waya wa umeme usichomoke.

Mama Shirima amehamishiwa kwingine. Husema kwenye simu kwamba huko nako wana daftari zuri, na hucheka peke yake. Lemayani bado anatembea. Bwana mifugo bado hajajibu barua yangu.

Jumanne nilipitia daftari mara ya mwisho kabla ya kuwakabidhi. Nashipai alimaliza dawa, makohozi yake ya mwisho yalikuwa safi, na binti yake hakuugua. Sasa yuko shule. Nashipai mwenyewe ndiye anayewafuatilia wagonjwa wetu wa Olbalbal, na mistari yao anaiandika yeye, kwa mwandiko ule ule unaotoka nje ya mstari. Swali la mvua na nyumbu huulizwa kabla ya tarehe. Mgonjwa huulizwa kama anaandika kabla ya kuonyeshwa wino. Safu ya watoro haimo tena. Mahali pake pameandikwa "Tumemwuliza nani?", na asiyeonekana akikosa jibu hapo, kosa ni letu.